Zamu ya Vumbi

Moroto tuliiacha kabla jua halijaukwea mlima,
pikipiki mbili, dumu la lita tano
limekazwa kwa mpira wa baiskeli,
chapati sita, kitunguu kimoja, plagi ya akiba,
na deni langu kwa Ogwal,
ambalo hakuna aliyelitia begini
lakini lilikuja.

Kanuni tuliipatana penye pampu ya mafuta:
anayetangulia hula upepo, anayefuata hula vumbi;
kila kilomita ishirini, tubadilishane.
Mita yangu ilikufa Soroti, mshale umelala kwenye sifuri,
basi tukahesabu kwa yake.
"Zamu ikifika," akasema, "nitakuwashia taa mara mbili."
Akanipisha. "Anza wewe."

Barabara ile ina mbavu.
Unazihisi kwenye meno, kwenye figo,
kwenye kila nati uliyodhani umeikaza.
Tukaiacha, tukashika njia ya ng'ombe,
nyembamba kama kovu, ikipinda bila sababu
ila ng'ombe anayo sababu yake.
Miiba ikanichana mikono ya jaketi.
Nikatazama kioo: nyuma yangu wingu jekundu,
ndani ya wingu, taa moja, haipepesi.

Kijana mchungaji akatusimamisha, kiti chake cha mti kwapani,
akaizunguka pikipiki kama mtu anayenunua fahali.
Kwa Kiswahili cha kambini akauliza:
"Hii inakunywa nini?"
Petroli.
"Maziwa inatoa?"
Haitoi.
Akatuangalia kwa huruma ya kweli,
akatuachia njia.

"Zamu?" nikamuuliza Ogwal.
"Bado. Kilomita tatu."

Mvua ya Karamoja huchagua:
hapa imenyesha, hatua mia mbele haijasikika.
Baada ya Panyangara ilikuwa imechagua.
Udongo mweusi ukalishika gurudumu, ukajaza bawa la mbele,
injini ikalia, gurudumu likagoma.
Spana namba kumi. Tukayang'oa mabawa yote mawili,
tukayafunga mgongoni kama ngao za vita tulivyoshindwa.
Ogwal akaanguka. Akainuka. Akaanguka tena
upande ule ule, kwa adabu, kama anayeketi.
Tukacheka mpaka nikakohoa,
na nilipokohoa yeye akaacha kucheka.

Tukiwa tope mpaka magotini, tunasukuma, nikaanza:
"Ogwal, ile laki tatu..."
"Shika mpini," akasema.
"Nilitaka kukwambia..."
"Shika mpini, bwana, inateleza!"
Nikashika mpini.

Kupita Kotido, ardhi kavu tena. Vumbi tena.
"Zamu?"
"Bado. Kilomita tatu."
Jua likaegemea bega langu la kushoto,
vichuguu vikarefusha vivuli,
nami mbele, upepo safi kifuani,
nikiimba ndani ya kofia ngumu wimbo usio na maneno,
mjinga mwenye furaha,
hadi mabati ya kwanza ya Kaabong yakamweka.

Mwenye nyumba ya wageni akatuletea beseni mbili.
Maji yangu yakabaki maji, mawingu kidogo.
Ya Ogwal yakawa chai, yakawa damu ya mzee, yakawa udongo;
akaomba beseni ya pili, akaomba ya tatu.
Nyusi zake nyekundu. Kope nyekundu. Masikio!
Mimi nimesimama na taulo, nahesabu:
kilomita mia na sabini, zamu nane na kitu,
na mimi mbele tangu Moroto.

"Mbona hukuwasha taa?"
"Balbu iliungua," akasema, akapenga kamasi jekundu.
"Tangu lini?"
"Kula chapati."

Mwaka jana, mapafu yangu yalipojaa maji,
alilala usiku kumi na mmoja kwenye sakafu ya wodi
kichwa juu ya tairi la akiba.
Laki tatu ilikuwa ya pale.
Hajawahi kuidai. Ndiyo maana nimemkwepa mwaka mzima.

Usiku, akikoroma, nikatoka uani bila viatu.
Pikipiki yake bado ilinukia joto na nyasi zilizoungua.
Nikageuza ufunguo, nikabonyeza swichi.

Ukuta ukawa mchana.
Mbuzi wawili wakageuza macho.
Nikazima.

Nikawasha tena, ili ziwe mbili.